Herufi ya Mstari wa 214

Verna Edgar aliisoma ripoti mara ya tatu, safari hii akiwa na rula mkononi. Aliiweka rula chini ya mstari wa 214 ili jicho lisiruke, akasoma safu moja baada ya nyingine: herufi, sauti, lugha, idadi ya mara ilizokutwa mtandaoni, uamuzi. Kwenye idadi paliandikwa 11. Kwenye uamuzi paliandikwa: haikupendekezwa.

Kumi na moja. Asubuhi hiyo, katika barua pepe moja tu ya kuulizia dawa ya nondo, yeye mwenyewe alikuwa ameiandika mara kumi na nne, ingawa barua pepe, alikiri, jopo lisingeweza kuiona.

Jopo lenyewe lilikuwa la watu tisa wa kujitolea, kila mmoja na nchi yake. Kazi yao ilikuwa kutengeneza jedwali la herufi zinazoruhusiwa katika majina ya mtandaoni: anwani za tovuti, barua pepe, akaunti za huduma za serikali. Mtu yeyote duniani aliruhusiwa kutoa maoni hadi Ijumaa saa sita mchana. Baada ya hapo jedwali lingefungwa kwa miaka saba. Leo ilikuwa Jumanne.

Verna hakuwa mtu wa kukasirika upesi. Alikuwa amefundisha Kihakwis katika shule ya Hakwis, kijiji chao cha uvuvi kwenye pwani ya magharibi ya Kanada, kwa miaka thelathini na mmoja na kuandika kamusi yake, na katika miaka hiyo alijifunza kwamba hasira huharibu tahajia. Herufi ya mstari wa 214 ilifanana na x iliyoshushwa mguu mmoja chini ya mstari: χ. Sauti yake iko karibu na kha ya msomaji wa Kurani, ila inatoka chini zaidi kooni. Kamusi ilikuwa na maneno mia sita na kumi yenye sauti hiyo. Bila herufi yake, mengi kati ya hayo yaligeuka kuwa maneno mengine.

Mlango wa nyuma ulifunguliwa, na Shawna, binti wa kaka yake, akaingia na mtoto mgongoni na mvua mabegani.

"Shangazi, Baba Mdogo Mervin anasema redioni unapigana na Umoja wa Mataifa."

"Siyo Umoja wa Mataifa. Ni jopo la watu tisa."

"Nimemwambia. Akasema kama ni tisa tu, usiwaume sana."

Kila nyumba ya Hakwis ilikuwa na redio ya mashua jikoni, hata zile zisizokuwa na mashua, na aliyoyasema Mervin saa mbili yalikuwa yamefika mwisho wa kijiji saa mbili na dakika moja. Verna alipunguza sauti ya redio yake na kumpokea mtoto.

Mtoto alikuwa na miezi mitano na nusu. Mama yake Verna, wiki tano kabla ya kufariki, alimpa jina mbele ya watu ukumbini: Waχi, maji yanaposimama kati ya kupwa na kujaa. Lilikuwa jina la bibi wa bibi yake. Ofisi ya usajili ilikuwa imetangaza mwaka uliopita kwamba itapokea kila herufi iliyomo kwenye jedwali la jopo, kwa kuwa siku hizi jina la raia ndilo linalofungua akaunti zake zote. Herufi isiyomo haikupokewa. Shawna alijaza fomu mara nne, na mara nne kisanduku cha jina kiligeuka chekundu. Karani alimshauri kwa upole atumie x ya kawaida.

Tatizo ni kwamba waxi, kwa x ya kawaida, ni matumbo ya samaki.

"Umepata nini?" Shawna aliuliza.

"Bado. Wanasema hatuitumii."

"Hatuitumii? Nimeiandika asubuhi nikimtukana mtu."

"Nawaandikia."

Shawna aliketi bila kuvua koti. "Sikiliza, Shangazi. Kadi yangu ya matibabu ilimbeba miezi ya mwanzo, sasa imekwisha. Kule Vancouver kwa daktari wa masikio hawampangii siku mtoto asiye na namba ya kadi yake, na kadi haitoki bila jina kusajiliwa. Sikio la kushoto limeshindwa kipimo mara mbili. Ijumaa wakifunga jedwali bila herufi, naandika x. Nakwambia mapema usije ukasema sikukwambia."

"Utamwita mtoto matumbo ya samaki."

"Nitamwita mtoto anayesikia."

Hoja ilikuwa sahihi, na Verna alimrudishia mtoto.

Shawna alipoondoka, Verna alirudi kwenye namba. Aliamini kwamba hesabu mbili zikigongana, ama moja ni ya uongo, ama kila moja imehesabu kitu chake. Alifungua hifadhi ya gazeti la kijiji, lililotoka kila baada ya wiki mbili tangu mwaka 1998, na ambalo mhariri wake, Lorne Gladwin, aliliweka lote mtandaoni mpaka matangazo ya mbwa waliopotea. Aliandika herufi katika kisanduku cha kutafutia. Jibu lilikuja: mara 41,306.

Sentensi ya kwanza ya barua ya kulilaumu jopo alikuwa nayo tayari kichwani, na ilikuwa nzuri. Lakini hakuwahi kutuma lawama kabla ya kukagua. Alichukua neno moja kutoka gazetini, lile lile jina la mtoto, akalitia katika programu ndogo inayoonyesha namba ya kila herufi. Ndani ya kompyuta kila herufi ina namba yake, na herufi mbili zinaweza kufanana kama mapacha huku kila moja ikiwa na kitambulisho tofauti. Programu ilijibu: W, ya Kilatini. a, ya Kilatini. Ya tatu, ya Kigiriki. i, ya Kilatini.

Aliisoma tena kwa rula. Kisha akafungua faili la kibodi ambayo kijiji kizima kiliitumia, kwenye simu na kwenye kompyuta, shuleni na ofisini. Juu kabisa paliandikwa: Imetengenezwa na V. Edgar, Februari 1998.

Alikumbuka vizuri. Mwaka ule pacha wa Kilatini alikuwa hajapewa namba katika orodha ya herufi za dunia. Wa Kigiriki alikuwapo, na kwa macho hakuna aliyeweza kuwatofautisha, kwa hiyo alimwazima. Katika daftari lake la mwaka ule, alipolitafuta, alikuta ameandika pembeni kwa penseli: kwa muda. Baadaye wa Kilatini naye alipata namba. Verna alisoma habari hiyo mahali fulani, akadhani inawahusu watu wengine. Zile mara kumi na moja, alipozitafuta, zilikuwa za mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu mjini Victoria, aliyeandika tasnifu juu ya Kihakwis na kutumia herufi iliyo sahihi.

Na kanuni ya jopo ilikuwa wazi: jina linalochanganya alfabeti mbili linakataliwa, kwa sababu ndivyo matapeli wanavyoghushi majina ya benki. Kwa miaka ishirini na sita, mbele ya mashine, Hakwis nzima iliandika kama matapeli.

Verna alilifunga daftari. Alitarajia aibu, na aibu ilikuja, lakini ilichelewa. Kilichotangulia kilikuwa nafuu, kama ya mtu aliyetafuta siku nzima bomba linapovuja na kulikuta chini ya sinki lake mwenyewe. Kama kosa lingekuwa la jopo, angebaki kuomba. Hili angeweza kulishika kwa mikono.

Alimwandikia mwenyekiti wa jopo mistari sita, akaambatisha faili. Jibu lilikuja baada ya saa moja: waongee kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi kwa saa za Hakwis, saa kumi na moja jioni kwa saa za Tbilisi, kwake Jojia.

Mwenyekiti aliitwa Nino Kapanadze. Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani juu ya nywele, na nyuma yake rafu ya vitabu vyenye hati ya kwao, ya duara duara, ambayo Verna hakuweza kusoma hata herufi moja. Jambo hilo lilimpa moyo kidogo.

"Bi. Edgar, umeniletea habari njema na kazi ngumu."

"Nianzie ipi?"

"Njema ni kwamba sisi tulihesabu kwa uaminifu, na wewe pia. Ngumu ni kwamba siwezi kubadilisha mstari kwa neno la mtu mmoja, hata kama ndiye aliyekosea."

"Faili lina tarehe."

"Nimeiona. Faili linathibitisha ulichofanya wewe. Halithibitishi wanachotaka watu wako. Mwaka juzi tuliletewa barua yenye mihuri mitatu kutoka kwa msemaji wa lugha fulani. Tukaifuata. Wenye lugha wakaja kutuuliza, huyo ni nani?"

"Unataka saini ngapi?"

"Sitaki saini. Nataka kuona wameulizwa. Wakubali kwamba hao mapacha ni herufi moja, na kwamba kuanzia sasa mtamtumia wa Kilatini. Wakikataa, nitaandika kwamba wamekataa." Nino alishusha miwani machoni. "Sisi tisa hatuna haki ya kuwaamulia mnavyoandika, Bi. Edgar. Lakini jedwali likikosea, ninyi ndio mnaoumia. Kesho asubuhi jopo linakutana, kikao ni cha wazi, na kuna nusu saa imeachwa na watu waliojitoa. Saa moja kamili kwenu. Mtaweza?"

"Tutakuwepo," Verna alisema, na baada ya kuzima kompyuta ndipo alipojiuliza hao wengine aliowajumlisha ni nani.

Mervin, binamu yake, alikuwa mwenyekiti wa baraza na pia msemaji wa ukumbi kwenye karamu. Verna alimkuta ofisini akipiga muhuri fomu za leseni za uvuvi.

"Mwalimu. Umekuja kunisahihishia tangazo langu?"

"Lilikuwa na makosa mawili, lakini sikuja kwa hilo."

Alimweleza kwa mpangilio, mwaka, kibodi, pacha, daftari. Mervin alisikiliza bila kumkatiza, jambo lisilo kawaida yake, kisha akaanza kutikisika mabega, akacheka mpaka akavua miwani.

"Kigiriki! Verna, baba yako amelala chini ya jiwe lenye Kigiriki."

"Jiwe lilichongwa kwa patasi. Patasi haina namba."

"Afadhali mzee." Alipangusa macho. "Unataka nini?"

"Azimio la baraza. Ukurasa mmoja."

"Naliandika kabla kahawa haijapoa. Saini saba. Huyo mama wa Tbilisi atalikubali?"

"Hapana. Anataka kuona watu wameulizwa."

"Na wakiulizwa watataka kujua kwa nini. Utawaambia nini?"

"Ukweli."

"Wapi? Dukani, mmoja mmoja, mbele ya mayai? Utaeleza mpaka uingie kaburini, na kila mtoto utakayemkosoa imla atakwambia, mwalimu, hiki ni Kigiriki." Mervin aliuweka muhuri pembeni, na sauti yake ikawa ya ukumbini. "Lioshe, Verna."

Alijua neno lile lingekuja. Pale Hakwis, mtu aliyekosea jambo linalowagusa wote husimama ukumbini, hulitaja kosa kwa kinywa chake, na humpa kila aliyehudhuria kitu cha mkononi. Anayepokea amekuwa shahidi: amekubali, na amejifunga kukumbuka yaliyosemwa. Kuanzia hapo kosa limekwisha. Atakayelitaja tena kwa kejeli, aibu inamrudia yeye. Verna alikuwa ameshuhudia watu wakiosha ugomvi wa ndoa, mashua zilizozamishwa, hata wimbo ulioimbwa na asiye na haki nao. Hakuwahi kuona mtu akiosha kibodi.

"Watu hujiandaa mwaka mzima," alisema. "Mimi nina mchana mmoja."

"Una mitungi mingapi ya samoni?"

"Mia moja sitini na minane."

"Hakuna nusu?"

"Nusu niliila jana."

"Basi umejiandaa mwaka mzima bila kujua," Mervin alisema, akainyakua redio. "Hakwis, Hakwis, nisikilizeni wote. Kesho ukumbini, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Verna Edgar ana neno. Kahawa ipo. Watakaochelewa nitawataja majina."

Alhamisi mvua ilikuwa imepungua na ukumbi ulinuka kahawa na mikate ya kukaanga. Verna alisimama mlangoni akihesabu watu kadiri walivyoingia, kisha akapanga mitungi kwenye meza ndefu, mmoja kwa kila mtu, mia moja thelathini na mmoja, bila wa ziada. Chini ya kila mtungi aliweka karatasi yenye maelezo ya kupata kibodi mpya, aliyoimaliza jana yake jioni na kuijaribu kwenye simu tatu. Ukutani, juu ya kitambaa cheupe, nyuso tisa za jopo zilijitokeza moja moja. Saa moja kamili Nino alisalimu na kunyamaza.

Verna alisimama mbele ya meza. Alikuwa ameandika maneno yake, lakini hakuitoa karatasi.

"Mwaka 1998 nilitengeneza kibodi tunayoitumia sote," alisema. "Herufi yetu haikuwa na namba wakati ule. Nikachukua ya Wagiriki, kwa sababu zilifanana, nikaandika kwamba ni kwa muda. Sikurudi kuitengeneza. Kwa hiyo mashine zinapotuhesabu hazituoni, na mtoto wa Shawna hana jina kwenye karatasi. Kosa si la kompyuta, wala la hawa walioko ukutani. Ni langu. Nasema mbele yenu kwamba herufi ni moja, ile ile tuliyofundishwa na wazee. Naomba kuanzia leo tuiandike kwa namba yake yenyewe."

Darlene, mpishi wa shule, akainua mkono.

"Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nikimtumia mume wangu ujumbe kwa Kigiriki?"

"Herufi moja tu, Darlene."

"Ndiyo maana hajibu."

Ukumbi ulicheka, na mume wa Darlene, aliyeketi pembeni yake, akacheka kuliko wote. Mervin akatoa ishara. Watu walipanga mstari, wazee mbele, kila mmoja akachukua mtungi na karatasi, akamgusa Verna mkono na kutaja jina lake kwa sauti ili lisikike hadi ukutani. Shawna alipita na mtoto, akachukua miwili, akataja majina mawili, la pili polepole na kwa sauti kubwa kidogo.

Mjumbe mmoja kwenye kitambaa, mwanamume mwenye tai, alifungua kipaza sauti chake. "Samahani. Kwa ajili ya kumbukumbu, ni wangapi wamepiga kura ya ndiyo?"

"Hapa hatupigi kura, bwana," Mervin alisema. "Anayechukua mtungi amekubali. Asiyekubali anauacha mezani."

"Na ukibaki?"

Watu wote waligeuka kutazama meza. Ulikuwa umebaki mmoja.

"Huo ni wangu," Lorne Gladwin alisema kutoka nyuma. Alikuwa ameketi mikono ikiwa imefungamana kifuani, mzee wa miaka sabini na minne aliyekuwa akibishana na Verna juu ya nukta na mkato tangu toleo la kwanza la gazeti lake.

Verna aliitazama saa ya ukutani. Saa moja na dakika ishirini na mbili. Zilibaki dakika nane. Shawna naye alikuwa akiitazama saa ile ile, na mtungi wa mtoto alikuwa ameubana kwapani.

"Lorne," Mervin alianza, "si ungeweza tu..."

"Mwache," Verna alisema. "Sema, Lorne."

Lorne hakusimama. "Nina matoleo mia sita sabini na sita ya gazeti. Kila aliyezaliwa hapa na kila aliyekufa yumo. Yote yameandikwa kwa hicho Kigiriki chako. Leo mkibadilisha, kesho mtoto akitafuta jina la babu yake kwa herufi mpya, mashine itamwambia hayupo. Huyu wa Shawna atapata jina, sawa. Ila wafu wangu watakuwa wamelipoteza la kwao."

Verna alilipima jambo hilo. Lilikuwa kweli tupu.

"Sikuwa nimelifikiria hilo," alisema.

Mtu fulani alikohoa. Maneno hayo Lorne alikuwa ameyasubiri kwa miaka mingi, na yalipofika hakujua ayaweke wapi. Alifungua mikono, akaifunga tena.

"Tutayageuza matoleo yote," Verna aliendelea. "Kompyuta itabadilisha namba kwa siku moja. Halafu wewe na mimi tutapitia jina kwa jina. Na nakala za zamani zibaki kando kama zilivyo, ili ionekane tulibadilisha nini."

"Mle ndani kuna Kigiriki cha kweli pia. Tangazo la yule nahodha aliyekwama hapa mwaka 2003."

"Hilo hatutaligusa."

"Na atakayesema ukaguzi umekwisha ni nani? Wewe?"

"Wewe."

Lorne alifikiri kwa muda uliomtosha yeye na uliomzidi kila mtu mwingine. Kisha akainuka, akatembea hadi mezani, akaushika mtungi na kuugeuza kusoma kifuniko.

"Hawa ni samoni wa mwaka gani?"

"Wa mwaka jana."

"Wa mwaka juzi walizidi chumvi."

"Andika gazetini."

"Lorne Gladwin," alisema kuelekea ukutani, na akarudi na mtungi wake kwenye kiti.

Ilikuwa saa moja na dakika ishirini na sita. Nino aliwauliza wajumbe mmoja mmoja, na mmoja mmoja wakaafiki. Zamu ilipomfikia yule wa tai alisema, "Nilikuwa nimeandaa swali refu kuhusu nani anayewasemea watu hawa. Nalifuta. Ila naomba hoja ya bwana wa mwisho iingie kwenye maelezo ya jedwali. Tuna lugha nyingine kumi na nne zenye mapacha wa namna hii, na hakuna aliyewahi kutukumbusha kuhusu nyaraka za zamani."

"Gladwin," Lorne alisema. "G, l, a, d. Msiniharibie jina."

"Mstari wa 214 umepitishwa," Nino alisema. "Bi. Edgar, asante. Najua haikuwa rahisi."

"Ilikuwa sahihi," Verna alijibu, na kwa kuwa mkutano ulikuwa umekwisha na hakuna aliyemwangalia, akashika ukingo wa meza tupu na kuuegemea.

Darlene alimletea kikombe cha kahawa. Hakusema neno lolote juu ya Wagiriki, wala hakuna mwingine aliyesema. Alimuuliza tu kama samoni wa mwaka huu ameshaanza kuwaagiza, au atangoja mpaka Julai kama kawaida yake.

Jedwali lilifungwa Ijumaa saa sita mchana. Verna aliusoma mstari wa 214 kwa rula. Kwenye idadi paliandikwa 41,317, yaani za gazeti na zile kumi na moja za mwanafunzi. Aliijumlisha mwenyewe ili kuhakikisha. Mashine za ofisi ya usajili zililichukua jedwali jipya Jumatatu asubuhi, na Shawna alikuja kujaza fomu jikoni kwa shangazi yake, kwa sababu, alisema, hakutaka kuwa peke yake kisanduku kikigeuka chekundu.

Aliandika jina kwa kidole kimoja, kwa kibodi mpya. Kisanduku kilibaki cheupe. Alisubiri, akakigusa tena, kikabaki cheupe. Akabonyeza kutuma. Baada ya dakika tatu namba ya muda ya kadi ikaingia kwenye simu, tarakimu kumi.

"Nipigie kliniki wewe, Shangazi. Mimi nitalia."

"Lia, halafu piga wewe. Wewe ndiye mama yake."

Shawna hakulia. Alipiga kliniki ya Vancouver akiwa amesimama, simu ikiwa na sauti ya wazi juu ya meza, karibu na mtoto aliyekuwa akila ukingo wa kamusi.

"Jina la mgonjwa?" aliuliza mwanamke wa mapokezi.

Shawna alilitamka.

"Samahani, rudia tena?"

Akarudia.

"Wa... ki?"

"Unakaribia."

"Ngoja, nipe namba ya kadi." Vidole viligonga upande wa pili. "Haya, nimempata. Hiyo herufi ya tatu sijawahi kuiona maishani mwangu, lakini ipo hapa kwenye skrini."

"Ipo," Shawna alisema.

"Alhamisi, tarehe kumi na tatu Juni, saa tatu asubuhi. Itawafaa?"

"Itatufaa."

Simu ilipokatika Shawna aliteleza taratibu mpaka sakafuni, mgongo kwenye jokofu, miguu ameinyoosha, akakaa hivyo huku mikono ikiwa wazi mapajani. Verna aliichomoa kamusi kinywani mwa mtoto, akamkabidhi mama yake, kisha akatafuta kalamu na kuandika kwenye kalenda, chini ya tarehe kumi na tatu, saa, mahali, na jina lote la mtoto kwa wino.

"Kuna feri ya Jumanne," alisema. "Tutaondoka na hiyo."

"Tutaondoka?"

"Mtu lazima awafundishe kulitamka."